Aliyekuzaa Nani?

Kazi yangu haina barua ya kustaafu. Mwalimu hupewa karatasi yenye muhuri na watu wakampigia makofi. Mimi nilistaafu siku nilipoandika kombe kwenye sahani, maneno ya zafarani yanayooshwa na kunywewa, na herufi ya sini ikanitoka na meno manne badala ya matatu. Mteja hakujua, alikunywa akashukuru akaenda zake, lakini mimi niliitazama ile sahani nikaona macho yamechoka kabla ya mwenyewe. Basi nikakunja mkeka.

Chumba cha nyuma ya soko, hapa Mocímboa da Praia, nimewaachia ninyi wanafunzi wangu wawili, pamoja na kalamu za mwanzi, chupa ya zafarani na ile sahani nyeupe. Mmeniomba niwaandikie yale ambayo sikupata nafasi ya kuwaambia. Nitaandika, ila mkitafuta humu habari za wakubwa waliokuja kwangu kwa kujifunika shuka, hamtazipata. Wengine wako hai, na wake zao wanajua kusoma.

Nilianza kwa sababu ya samaki. Nilikuwa msichana mdogo nikachomwa na mwiba wa taa mguuni, pale ufukweni maji yalipokupwa, na kwa muda mrefu sikuweza kutembea. Mama akanipeleka nikakae kwa kaka yake, mjomba Bakari, kwa sababu nyumbani kwake hakukuwa na kazi ya kusimama. Mnajua kwetu mjomba ni mtu mzito kuliko baba. Alikuwa mnajimu wa mji mzima, na watoto wake wa kiume hakuna hata mmoja aliyeweza kukaa kitako mpaka uji upoe. Mimi nilikuwa nimekaa, sina pa kwenda. Mguu ulipopona, nilikuwa nimeshajua uzito wa kila herufi, naye akasema ni hasara kunirudisha.

Mwanzoni kabisa hakunipa kalamu. Nilisaga zafarani, niliosha sahani, na niliwapokea watu mlangoni. Mjomba alisema kazi ya mnajimu huanzia kwenye viatu. Anayevua ndara zake na kuzipanga vizuri amekuja kuuliza jambo la wengine, na anayezitupa kila moja upande wake amekuja kwa jambo lake mwenyewe. Nilidhani ananitania. Baadaye nilianza kutazama, na sijaona akikosea sana, ingawa kuna watu wanaotupa ndara kwa tabia tu.

Hesabu yenyewe mnaijua, lakini naiandika kwa ajili ya atakayeokota karatasi hizi. Kila herufi ina uzito wake. Unajumlisha jina la mtu na jina la mama yake, unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka usiweze tena, na kinachobaki ndicho kinachokupa nyota yake, kuanzia Hamali mpaka Hutu. Kila nyota ina sayari inayoitawala. Kazi nzima iko hapo, na mtoto wa madrasa anaweza kuifanya. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho kinachochukua maisha.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kuuliza, alikuja mwanamke mmoja anauza chumvi. Nikamwuliza, mama yako nani? Mjomba akanigonga kwenye vidole kwa kalamu ya mwanzi, mbele ya mgeni, na machozi yakanitoka. Akaniambia mama ni wengi. Yuko mama mkubwa, yuko mama mdogo, mama wa kambo, mama mlezi, na hata mke wa jirani akikupa wali unamwita mama. Anayeingia kwenye hesabu ni mmoja tu. Basi uliza hivi: aliyekuzaa nani? Nikamwuliza, na kama hajulikani? Akasema asiyejulikana mama yake unamhesabia kwa Hawa, kwa kuwa huyo ni mama wa wote na hakuna atakayekuja kumkana. Niliicheka kanuni ile. Nilifikiri, ni nani duniani asiyejua aliyemzaa?

Sasa sayari. Mjomba alinifundisha kwa kuzizungumza kama watu wa mtaani kwetu. Mwezi humgeuza mtu kila siku chache, kwa hiyo maneno ya hasira ya leo usiyajibu mpaka kesho kutwa. Utaridi ana ulimi na kalamu. Zuhura ana mapenzi na mavazi. Jua lina heshima. Mirihi ana panga, na anayekuja kwako akiwa na Mirihi mpe kwanza maji ya kunywa. Mushtari hupanua, hukupa nyumba, watoto na tumbo. Wa mwisho ni Zuhali, mzee wa wote, anayetembea polepole hata miaka karibu thelathini ipite ndipo arudi pale alipokuwa ulipozaliwa.

Watu humwogopa Zuhali. Ukiwatajia, wanasema nimekwisha. Mjomba alikuwa akikasirika. Alisema Zuhali ni mkaguzi, na mkaguzi hakuletei uchafu, anaukuta. Nimewaona wengi waliokaribia thelathini wakija chumbani na lalamiko lilelile kwa maneno tofauti: kazi niliyoipenda siitaki tena, mume niliyemchagua simfahamu, nikijitazama kwenye kioo naona mtu wa kuazima. Kwa elimu yetu, hao Zuhali amewarudia kutazama kama wamekuwa wenyewe au bado. Sayari haimbadilishi mtu kwa nguvu. Huleta wakati wa kubadilika, na wewe unaweza kuamka au kujigeuza upande wa pili ukalala. Na Mungu ndiye mjuzi zaidi. Hayo mtayasema kila mara, si kwa kuwaogopa masheikh vijana, bali kwa kuwa ni kweli.

Mimi mwenyewe amenipitia mara mbili. Mara ya kwanza ni mjomba alipofariki, katika vita vile vya kwanza baada ya uhuru, akaniachia chumba, nami nikajua kuwa sasa hakuna wa kunigonga vidole. Niliogopa mno. Mara ya pili nitaisema mbele.

Baada ya uhuru kazi yetu ilipewa jina refu la Kireno, obscurantismo, yaani giza la ujinga, likaandikwa ukutani na watu wakaambiwa wajiepushe nayo. Mjomba bado alikuwa hai. Bao lake la mchanga, la kupigia ramli, tulilianikia makopa ya muhogo uani, na kila mara katibu wa mtaa alipokuja kukagua alikuta muhogo unakauka kwa amani. Katibu yule alikuwa mkali kweli. Kisha mkewe alikuja kwa mlango wa jikoni kumtazamia mwanawe, na baada ya hapo alikuja yeye mwenyewe, maana alikuwa anahamishwa na hakutaka kuhama. Alivua viatu, kimoja huku kingine kule. Mjomba akamwuliza, kwa sauti ya kila siku, aliyekuzaa nani? Mtu yule alitaja jina la mama yake, akafuta uso kwa mkono. Mama yake alikuwa amekufa huku yeye katibu yuko mbali kwenye mkutano. Siku ile nilijifunza kuwa swali letu ni zito kuliko majibu yetu.

Siku hizi mna taabu nyingine, telefoni. Vijana wanakuja wameshajitazamia. Mmoja aliniambia, "Bibi, mimi signo yangu ni Escorpião, kwa hiyo usijisumbue." Nikamwuliza amezaliwa lini. Akanionyesha bilhete yake ya utambulisho, tarehe moja mwezi wa kwanza. Escorpião ni Akrabu, na hiyo si Akrabu hata kwa hesabu ya telefoni. Na tarehe yenyewe, mnajua, walipewa watu wengi siku karani alipochoka kuuliza. Ukifuata telefoni, nusu ya Mocímboa ni Jadi, na wote tungekuwa na tabia moja. Ingekuwa heri, tungeelewana.

Alikuwepo pia Dona Lurdes, afisa aliyeletwa kutoka Zambézia kufanya kazi katika ofisi moja ya serikali. Mwanamke msomi, mcheshi, alikuja mara ya kwanza kwa udadisi na mara ya pili kwa hofu. Telefoni ilimwambia Utaridi anarudi nyuma na asisaini chochote, na mezani kwake kulikuwa na karatasi zinangoja. Nikamwambia Utaridi akirudi nyuma au akienda mbele, asome kabla hajasaini. Alicheka sana, lakini alirudi baada ya wiki akasema alisoma, na kulikuwa na kosa. Sikumwambia kuwa karatasi za ofisi zina makosa hata Utaridi akiwa amelala. Mtu akipata faida, mwache afurahi.

Kisha ikaja vita hii. Sitaieleza, mlikuwepo. Nilikimbia na sahani moja na kalamu tatu, bao la mjomba likaungua na nyumba. Pemba tulikaa kwenye viwanja vya wakimbizi, na huko watu walikuja kwangu kuliko wakati wowote, ingawa sikuwa na mlango wa kuvulia viatu. Walitaka niwaambie lini watarudi. Kanuni nilizopewa zilikuwa tatu: usitaje kifo, usimtaje mwizi, usimtazamie mtu asiyekuwepo. Ya nne nilijiongezea mwenyewe kule, kwamba usiahidi tarehe. Niliwaandikia kombe wakanywa, tukakaa pamoja tukazungumza habari za majiko yetu. Huyo ndiye Zuhali wangu wa pili. Alinikuta mnajimu mwenye majibu, akaniacha mnajimu mwenye masikio, na sikujuta.

Tuliporudi Mocímboa, ndipo alipokuja Tabu. Hii ndiyo habari niliyotaka kuwaandikia, na hayo ya juu yote ni kufagia uwanja.

Tabu alikuwa amepita thelathini kidogo. Aliuza maharage na chapati asubuhi pale magari yanapopakia, na mliowahi kula mnajua mkono wake. Aliishi na mama yake, Maimuna, mwanamke mwembamba wa Quiterajo asiyependa maneno. Wakati wa kukimbia Maimuna alikuwa na homa, na Tabu alimbeba mgongoni mpaka kwenye chombo, kama mtoto. Kila mtu mtaani aliijua habari hiyo. Baba alishafariki zamani. Huko Pemba, Tabu alikutana na Saidi, fundi wa mota za mashua, wakapendana, wakangoja warudi nyumbani ndipo waoane.

Sasa Saidi alilelewa na shangazi yake, Bi Zena, tangu akiwa mchanga, na pasipo ridhaa yake hakuwa tayari kusimama mbele ya sheikh. Bi Zena alikwenda kwa mnajimu mwingine, si wa chumba chetu, kutazama kama nyota zinaelewana. Akarudi na Dalu, ambayo bwana wake ni Zuhali. Akasema mwanamke jina lake Tabu, nyota yake Zuhali, vita amezikimbia mbili, mnataka mvua inyeshe ndani? Abadilishe jina, nyota ihame, ama yeye hatatia mguu kwenye harusi hiyo.

Kubadilisha jina ni ada yetu na si jambo la ajabu. Mtoto akiugua sana tunasema jina limemzidi. Tunatafuta jina jingine ambalo likikaa na la mama linaangukia nyota nyepesi, tunaliandika kwenye sahani kwa zafarani, na aliyelitoa jina la kwanza hunywa kombe mbele ili kuliachia. Kisha watoto wa mtaa hupikiwa uji, na kuanzia siku hiyo atakayeita jina la zamani analeta nazi. Nimeona familia zikila nazi za bure mwezi mzima.

Walikuja watatu, Tabu, mama yake na Bi Zena. Tabu alikuwa radhi. Alikuwa ameshachagua jina, Raha, na alilitaja kwa haya kidogo, kama mtu anayejaribu vazi dukani. Alisema amechoka kuitwa kwa siku mbaya ya mtu mwingine. Niliona ana haki. Nikashika kalamu, nikauliza kama nilivyofundishwa, aliyekuzaa nani? Tabu akajibu mara moja, Maimuna, akamwelekeza mama yake kwa kidevu. Na Maimuna akainuka. Alisema ameacha chungu motoni, akatoka bila kutazama nyuma. Bi Zena akasema unaona, hata mama hataki mwanawe afunguke. Nilikunja mkeka nikawaambia warudi siku nyingine, maana mwenye kuliachia jina hayupo.

Kesho yake Maimuna alikuja peke yake. Ndara zake alizivua akaingia nazo mkononi, jambo ambalo mjomba hakunifundisha maana yake.

"Wengine wote waliuliza mama yake nani," akasema. "Wewe uliuliza aliyemzaa."

"Ndivyo tunavyouliza."

"Simjui, Bibi Anifa. Hata jina lake silijui."

Kisha akanieleza. Katika vita vya kwanza, yeye na mumewe walitoka Quiterajo kwa miguu kwenda kaskazini. Walipofika mto Messalo walimkuta mwanamke amekaa ukingoni, kanga yake imelowa damu, na mtoto mchanga kifuani. Hakuweza kusema. Maimuna alimwuliza jina, akamwuliza kwao, yule mwanamke akatikisa kichwa tu, akafungua kanga akamkabidhi mtoto. Walikaa naye mpaka alipokata roho, wakamzika kama walivyoweza, wakavuka. Mtoto akaitwa Tabu kwa ajili ya siku ile. Mume alijua akanyamaza, na alikufa amenyamaza.

"Wanasema asiye na mwana aeleke jiwe," Maimuna akasema. "Mimi nilikuwa nimeeleka jiwe miaka mingi. Mungu akanibadilishia pale ntoni."

Nikamwuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema si kwa ajili ya nyota. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mume, ndiye aliyepangwa kusimama walii wa Tabu, wa kumwozesha kwenye nikaha, na Maimuna anajua kuwa Tabu si wa damu ya mtu yule. Akinyamaza, mwanawe ataolewa kwa walii asiye walii. Akisema, je, atabaki mwanawe? Hapo ndipo alipolia, kimya, huku amekumbatia zile ndara.

Niliona uchungu wake, na sioni haya kusema kuwa nami nililia. Watu wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waliotunga maneno hayo hawakumwona Maimuna. Lakini alipoomba mimi ndiye nimwambie Tabu, nilikataa. Nilimwambia nyota inaweza kungoja hata mwaka, nikaha haiwezi, na maneno haya yana mwenyewe. Atayasema yeye, na mimi nitakuwepo.

Aliyasema Ijumaa, baada ya sala, chumbani kwangu. Bi Zena hatukumwita. Tabu alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chochote. Kisha akauliza ile kanga ilikuwa rangi gani. Maimuna akasema nyeusi na nyekundu, na kwamba aliitunza mpaka nyumba ilipoungua. Tabu akaitikia kwa kichwa. Niliwaza atainuka aondoke, na nadhani Maimuna aliwaza hivyohivyo, maana alikuwa ameshikilia ukingo wa mkeka kama unaweza kupaa.

Tabu alinigeukia mimi. Akauliza, kwa hesabu za kweli, yeye ni nyota gani. Nikamweleza kanuni ya Hawa. Nikajumlisha, nikatoa, nikarudia kwa sababu sikuamini. Ilikuwa Mizani, na bwana wa Mizani ni Zuhura. Nyota ya harusi, ya wepesi, ya kupendwa. Ndicho hasa alichokitaka Bi Zena, na bila hata kubadilisha jina. Nilifurahi, wanangu. Nilimwambia kwa tabasamu, nikiona kwamba kesi imejifunga yenyewe, na mikono yangu ilikuwa tayari inatafuta sahani.

"Na kwa Maimuna?" akauliza.

"Dalu. Zuhali, kama siku zote."

"Zuhali huyu ndiye niliyekimbia naye mara mbili?"

"Ndiye."

Akamtazama mama yake. "Mara ya kwanza alinibeba huyu. Mara ya pili nilimbeba mimi. Hawa sikumwona njiani. Andika Maimuna."

Niliishika kalamu nikaisikia mikononi kuwa nzito. Kwa kanuni nilitakiwa kukataa. Lakini kanuni ya mjomba ni ya asiyejulikana mama yake, na yule binti alikuwa amekaa mbele yangu akijua. Nikamwuliza jina je, tuweke Raha? Akafikiri kidogo akasema aache, ameshalizoea, na tena sasa ameelewa lilikuwa la siku ya nani. Nikaandika Tabu binti Maimuna, nikaosha kwa maji ya waridi, nikampa mama anywe mbele. Halikuwa tena kombe la kuliachia jina. Sijui lilikuwa kombe la nini, na sijaliandika jingine kama lile. Maimuna alikunywa nusu, Tabu akamaliza.

Mkiniuliza sayari inambadilishaje mtu, mimi nitawajibu kwa siku ile. Zuhali alikuwa amemrudia Tabu, umri ulikuwa ndio huohuo, na alimkuta na mzigo usiokuwa na jina. Tabu alipouona, angeweza kuutua. Aliuchukua tena kwa hiari yake, na alitoka mlangoni kwangu akiwa mtu mwingine, mwenye mabega mapana zaidi. Hesabu ilikuwa ileile ya jana yake.

Yaliyobaki yalikuwa ya watu. Tabu alimwambia Saidi mwenyewe, yote, ya mtoni na ya nyota. Saidi akaenda kwa shangazi yake, na jirani wa ukuta mmoja akanipa habari, maana ukuta wa makuti hauna siri. Bi Zena alifoka kwamba mwanamke anapewa Zuhura bure anachagua Zuhali, huo ni wazimu. Saidi akamwacha amalize. Kisha akamwambia, "Shangazi, tangu nikiwa mdogo nikiulizwa mama yangu nani, namtaja nani?" Bi Zena alikaa kwenye kinu akachezea mchi.

Sheikh wa msikiti wetu, yule asiyeipenda kazi yangu na ambaye mkewe ananisalimia vizuri sana, alipoambiwa habari ya walii alimshukuru Maimuna mbele ya watu. Akasimama yeye mwenyewe walii, kama sheria inavyoruhusu kwa asiye naye. Nikaha ikafungwa. Bi Zena alikuja amenuna, na masufuria yake mwenyewe, akisema hawezi kuacha watu wale pilau iliyopikwa na wageni. Alipika, tukala, akarudi nyumbani bado amenuna, kwa heshima tu. Ndoa ile iko salama, na Bi Zena siku hizi ndiye anayekaanga chapati kwenye meza ya Tabu.

Mwaka huu, kabla ya ile sini ya meno manne, walikuja tena. Tabu na mtoto wa kike mchanga, na Maimuna nyuma yao amebeba mwavuli. Macho yangu yalikuwa yameshaanza ukungu. Ndara zilivuliwa mlangoni zote kwa pamoja, sikuweza kujua ya nani ni ipi. Nikawakaribisha, nikaandaa sahani, nikashika kalamu, nikamwuliza Tabu kama ninavyomwuliza kila mtu, aliyemzaa nani?

"Mimi, bibi. Nilikuwepo."

Tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Nikamwuliza jina walilolipenda. Akasema Maimuna. Mama yake mlangoni akajifanya anaukunja mwavuli, na mwavuli ulikuwa umeshakunjwa.

Nikaanza kujumlisha, kisha nikaacha. Hapakuwa na haja. La mama limekuwa la mtoto na la mtoto limekuwa la mama, uzito ni uleule, jumla haina pa kwenda. Dalu. Zuhali. Nikainua macho kumwambia, nikamkuta ananitazama kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake nyumbani.

"Unajua nyota yake?" nikamwuliza.

"Najua."

Basi nikachovya mwanzi kwenye zafarani nikaandika Maimuna binti Tabu. Safari hii hata mjomba Bakari asingenigonga vidole.